Umewahi kupigwa kucha na mnyama? Tupeane uzoefu

Chumvi Kidogo: Wakuu, jana usiku paka wa jirani kanasa kwenye nondo za dirisha langu, nikajitia huruma nimtoe. Saa hizi naandika kwa mkono wa kushoto. Nimekumbuka ngedere aliyenichana shati nikiwa darasa la nne. Leteni na zenu.

Mama Wawili: Paka ukimshika kwa mbele umekwisha.

Mpakani: Kucha nne tu ndiyo uanzishe uzi?

Chumvi Kidogo: Tano. Nina mistari mitano.

Mpakani: Paka ana nne bwana, acha chumvi.

Kibatari: Nne ni nyuma. Mbele tano, ya tano iko juu kwa ndani kama gumba. Mgeuze wako uhesabu.

Mpakani: Nimemgeuza. Nani ana spiriti?

Mzee wa Itigi: Mnalia na paka! Manyoni, 2014, kuku wangu wanaisha, kila asubuhi tundu jipya chini ya ukuta wa banda. Nikajua kicheche. Nikavizia na panga na tochi. Saa nane usiku nasikia kwaru kwaru, udongo unaruka kama kuna mtu anachimba kaburi. Nikainama nimulike. Ikatoka mikono miwili, kucha ndefu zimejaa udongo na manyoya ya kuku, ikadaka pindo la suruali. Nikampiga kwa ubapa wa panga, wapi! Ngozi imemlegea, anageukia humohumo ndani ya ngozi yake. Nyegere! Nikamwachia suruali, panga, tochi na kuku wake. Mke wangu kafungua mlango, swali la kwanza: "Umefumaniwa wapi?"

Kibatari: 😂😂 Na kule kwingine salama? Tunavyosikia nyegere haanzii kwenye suruali.

Mzee wa Itigi: Watoto wawili wa mwisho wamezaliwa baada ya hapo. Hesabu mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu: Mnyama hana mikono. Ni miguu ya mbele.

Mama Wawili: Buchani unaagiza mguu wa mbele wa mbuzi au mkono?

Mwalimu Mstaafu: Yule ni marehemu.

Bibi Mti: Paka mafuta ya taa, kidonda kinakauka.

Dada wa Zamu: Usipake! Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali leo hii ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye anaupata.

Mpakani: Dada, hata aliyekuwa anahesabu tu?

Dada wa Zamu: Njooni wote wawili.