MREJESHO: kile kiko cha babu, kumbe ni cha Arusha!

Wakuu narudi na mrejesho wa kile kiko (cha kuvutia tumbaku) cha marehemu babu, nilichouliza kama nikichemshe kitoe harufu na mrija wake ulikuwa umegoma kuchomoka. Asanteni sana mlionizuia, maana sufuria ilishakuwa jikoni aisee. Ndani ya bakuli, pale panapowekwa tumbaku, kuna jiwe la mishamu, lile jepesi linalonyonya moshi, na maji hulilainisha, ningelia.

Basi nikapitisha kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo kwenye mrija tu, nikaacha usiku kucha, kesho yake nikashika shingo (sio bakuli!) nikazungusha mrija pole pole ukaachia wenyewe. Ule ukijani wa mrija sio uchafu, ni mpira mgumu wenye salfa unaoharibika kwa jua, nimepiga msasa laini wa maji halafu dawa ya meno, sasa mweusi unang'aa.

Sasa utamu wenyewe: baada ya kufuta nikaona tembo mdogo, neno KIKO na Tanganyika! Yaani mimi nilidhani cha Mzungu huko Uingereza, kumbe vilitengenezwa Arusha kwa mishamu ya kule Amboseli. Jina lenyewe Kiko, hawakujisumbua kabisa hahaha.

Jamaa mmoja wa mnadani kaniambia elfu kumi, nimekataa. Sivuti, ila nimeshapata cha pili, kimevalishwa ngozi, bakuli limepasuka kidogo lakini tembo yupo. Mama watoto kashaanza kuguna.