Kupanda mawe na Land Cruiser mpya: raha yake iko wapi?

Kijana_wa_Mwanga:

Wakuu, heshima kwenu wote. Shemeji yangu wa Dar amenunua Land Cruiser 79 mpya, dabo kebini, ile yenye swichi ya kufunga difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) mbele na nyuma. Bei sitaitaja hapa, ila dada yangu alipoisikia alivuta kiti akakaa. Sasa mwezi ujao wanakuja Kigoma kumsalimia mama, na shemeji ameniagiza nimtafutie korongo lenye mawe. Si barabara mbovu, ni korongo hasa. Anataka kupanda mawe na gari hilo hilo jipya.

Nimeangalia video alizonitumia. Nyingine ni za Moab, kule Utah, Marekani, nyingine za njia ya Rubicon, California, ambayo ni kilomita 35 hivi tu lakini watu wanalala njiani. Gari linasogea, linasimama, linalala upande, tairi moja liko hewani, na kuna mtu nje anaelekeza kwa mikono. Video inakaribia kuisha na gari bado liko pale pale lilipoanzia. Hakuna spidi, hakuna anayeshindana na mwenzake, na likifika juu wote wanashangilia kama timu imefunga bao.

Dada anataka mimi nimweleze raha iko wapi, kwa kuwa ndiye mpenda magari wa ukoo. Nimekosa la kumwambia. Mimi nimekua nikijua jiwe ni la kukwepa. Wazee wetu huku wanaomba greda lipite, yeye anatafuta mahali ambapo greda haliingii. Naomba kwa dhati anayelielewa jambo hili anieleweshe. Mtu anapata nini pale? Na gari litapona?

Fundi_Gungu:

Mkuu, nianze na swali la mwisho. Litapona, akienda taratibu. Kinachovunja gari kwenye mawe ni papara. Tairi likizunguka hewani kwa resi kubwa halafu lishike jiwe ghafla, ekseli inakatika hapo hapo.

Kuhusu hela, wengi wanadhani gari la namna hiyo mtu analipia nguvu. Hapana. Chukua mkonga, yaani Land Cruiser ya kazi, wenye injini ya dizeli ya 1HZ, gia tano. Gia ya kwanza inapunguza mizunguko ya injini mara 4.5 hivi, ukiingiza loo (gia nzito ya four wheel) inapungua tena karibu mara 2.5, ikifika kwenye difu inapungua mara 4.1. Zidisha zote unapata kama 46, yaani injini izunguke mara 46 ndipo tairi lizunguke mara moja. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, tuseme mizunguko 700 kwa dakika, tairi linazunguka mara 15 tu. Hizo hazifiki mita 40 kwa dakika, mtu anayetembea kwa miguu anakuacha. Magari ya Jeep Wrangler Rubicon yaliyotoka mwaka 2018, ya gia za mkono, yanafika 84, maana yake mwendo unashuka hadi karibu nusu ya huo. Hicho ndicho kinacholipiwa, gari kutambaa bila kuzima na bila dereva kuchezea klachi.

Halafu kuna difu loki. Difu ya kawaida, tairi moja likining'inia linazunguka bure na mwenzake anasimama tu kwenye jiwe. Ukifunga, yote mawili yanazunguka pamoja. Kwenye 79 swichi inafunga nyuma kwanza, ndipo mbele. Mwambie shemeji akishafunga ya mbele asilazimishe kona kali, usukani unakuwa mzito na anaumiza vyuma. Akishavuka, afungue.

Hilo la raha nawaachia madereva.

Mstaafu_Bangwe:

Kijana, swali lako limenifurahisha sana kwa sababu katika maisha yangu ya kazi hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimeendesha magari ya chanjo miaka mingi, vijiji vya milimani Kigoma Vijijini na Buhigwe, kabla lami haijafika Manyovu. Sasa nimepumzika, naishi Bangwe.

Kulikuwa na mpando ambao mvua ilikuwa imekula udongo wote, yakabaki mawe matupu, mengine yanafika magotini. Njia nyingine hakuna, na kule juu kina mama wamekaa na watoto wanasubiri. Nitakueleza tulivyokuwa tunaupanda, labda utapata cha kumwambia dada.

Kwanza unapunguza upepo. Tairi la mzigo barabarani unaliweka hata PSI 40, kwenye mawe unalishusha mpaka 18, au 15 ukiona yana ncha. Likilegea linalala juu ya jiwe na kulikumbatia, halitobolewi kirahisi. Pili unashuka, unapanda kwa miguu mpaka juu. Hiyo vijana wanairuka, na ndiyo nusu ya kazi. Unakanyaga kila jiwe kujua lipi limezikwa na lipi linacheza. Unachagua yale ambayo tairi litapita juu yake, maana ukisema uliweke jiwe kubwa katikati ya magurudumu, difu italikuta. Na difu ya mbele ya mkonga haiko katikati, imesogea upande, kwa hiyo unatakiwa uibebe kichwani muda wote kana kwamba unaiona.

Unarudi, unaingiza loo, gia ya kwanza, mguu unaondoka kwenye klachi. Muuguzi ametangulia, anatembea kinyumenyume akinielekeza. Tairi la kulia linagusa jiwe, gari linasita. Ni hapo sasa. Asiyejua anakanyaga mafuta. Wewe unaongeza kidogo mno, mpaka usikie injini imekaza sauti, basi. Ubavu wa tairi unavimba, changarawe zinalia chini, boneti inainuka hadi njia inapotea, unachokiona ni mawingu na mikono ya muuguzi. Gari linalala kushoto, bega lako linagota mlangoni, na mwili mzima unakuambia ugeuze usukani. Hugeuzi. Unasubiri. Tairi linauma jiwe, linapanda, halafu linashuka upande wa pili bila kudunda.

Wakati ule kichwani hamna deni, hamna karo ya shule, hamna bosi. Kuna matairi manne ambayo hata moja hulioni, na unajua kila moja liko wapi. Mimi nilikuwa kazini, sikwenda kujifurahisha. Lakini nikifika juu nikafungua mlango wa nyuma nikakuta boksi la chanjo halijasogea hata kidogo, furaha niliyokuwa naipata hakuna barabara ya lami iliyowahi kunipa. Wamarekani walianza safari za pamoja za Rubicon mwaka 1953, na zile za Moab za wakati wa Pasaka mwaka 1967. Hawapeleki chanjo. Wanakwenda kwa ajili ya hilo ninalokueleza, na mimi naona wana haki kabisa.

Spidi inaficha makosa ya dereva. Jiwe linayaonyesha yote, na linakupa nafasi ya kurudi nyuma nusu mita ukajaribu upya. Shemeji yako ametoa hela nyingi kununua nafasi hiyo. Mimi ningekuwa nazo ningefanya hivyo hivyo.

Mkulima_Kalinzi:

Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri mpaka na mimi nimetamani kukaa kwenye hilo gari. Ila naomba Kijana_wa_Mwanga unisikilize na upande wangu, mimi nalima kahawa huku juu.

Korongo unaloliona halina mtu, lina watu. Asubuhi wanawake wanapita na ndoo kwenda chemchemi iliyo chini yake, na majani ya kingoni ndiyo yanayozuia mashamba yetu yasishuke. Tairi likishakwangua ukingo, mvua ya kwanza tu inateremsha udongo mpaka kwenye maji tunayokunywa. Difu ikipasuka ni oili ile inayoingia humo. Hata hiyo Rubicon wanayoisifu, mwaka 2009 mamlaka ya ubora wa maji ya kule ilitoa amri njia ifanyiwe usafi na matengenezo, kwa sababu ya udongo, mafuta na vinyesi vya watu.

Sikatai mgeni kufurahi. Nakataa asije na gari kwenye korongo bila kumuona mwenyekiti wa kitongoji, eti kwa kuwa hajaona nyumba karibu. Na kwenye masika asije kabisa.

Fundi_Gungu:

Mama wa Kalinzi amesema kweli. Mimi nimewahi kuletewa gari lililotoboka sampo (bakuli la oili chini ya injini) porini. Lilipofika gereji oili yote ilikuwa imeshabaki huko huko.

Kijana_wa_Mwanga:

Asanteni sana. Mzee, shikamoo, maelezo yako nimemsomea dada kwa simu. Alinyamaza, halafu akauliza kama na yeye anaweza kufundishwa kuendesha pale. Kwa hiyo sasa ni wawili. Mama wa Kalinzi nimekuelewa, korongo tumeliacha. Mzee, ni wapi pengine?

Mstaafu_Bangwe:

Marahaba, wote wawili. Tafuteni machimbo ya mawe ya zamani yenye mwenyewe, mlipe, mkubaliane. Mawe yapo ya kila saizi, hakuna shamba wala chemchemi, na gari likikwama lori linafika. Mawe yetu mengi ni ya mchanga mgumu, yakikauka yanashika mpira vizuri, yakilowa yanateleza sana. Nendeni mchana, yakiwa makavu.

Shemeji aje na kipima upepo, pampu ya kujazia akimaliza, na mkanda wa kuvutia gari, asije na mnyororo. Dada aanze yeye, na jiwe lisilozidi kimo cha kifundo cha mguu, kabla mumewe hajamzoesha papara. Anayeelekeza nje awe mtu mmoja tu, wengine wasipige kelele. Nafasi hiyo naiomba mimi. Nitumie namba yako inboksi.