Mrejesho: Pemba na watoto, tumerudi salama

Assalaam aleikum jamaa. Mwezi uliopita niliuliza wapi Pemba pa kuwapeleka watoto watatu na mama yangu, pasipo makelele. Wengi mlitaja ufukwe wa Vumawimbi na vijiji vya karafuu. Tumerudi juzi.

Vumawimbi mlisema kweli. Tulikodi gari Chake Chake, tukapita Konde, kisha ndani ya msitu wa Ngezi, miti imefungana juu hadi watoto wakanyamaza wenyewe. Ukitoka hapo ni mchanga mweupe na bahari tu. Tuliwakuta wavuvi wawili wakishona nyavu, basi. Maji na chakula bebeni wenyewe.

Ila kilichonikaa moyoni ni kijiji kimoja nje ya Wete. Majamvi ya karafuu yameanikwa mbele ya nyumba, harufu inakupokea kabla ya watu. Bibi mmoja akamwita mwanangu wa kati, "Njoo mjukuu wangu," akamfundisha kuchambua: unashika kishada, unakisugua kiganjani, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule. Vidole vilinukia hadi kesho yake, na mtoto hakutaka kunawa! Mama yangu, aliyelalamikia magoti tangu tuliposhuka bandari ya Mkoani, alikaa nao jamvini mpaka alasiri.

Kisiwa cha Misali hatukwenda, bahari ilichafuka.

Dada uliyenishauri tujistiri vizuri vijijini na tubishe hodi kwanza, Mungu akulipe. Kila tulipobisha tulikaribishwa, na kwa yule bibi tuliondoka na mfuko wa matunda ya shokishoki.