Tupeane uzoefu: maisha yalipokuvuruga, mikono yako ilishika nini?

Mama_Rozi (Nakuru)
Habari za jioni wapendwa. Nataka uzoefu tu jamani, ushauri tumeshiba. Naanza mimi. Nilikuwa napakia maua shamba moja Naivasha, Machi 2020 maua yakakosa soko Ulaya tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa, nikarudi kwa mama na mabegi mawili. Kafyu nayo ikaingia, saa moja jioni kila mtu ndani mpaka saa kumi na moja asubuhi, na usingizi hakuna. Nikachukua sweta yangu ya sekondari, ile ya maruni, viwiko vimetoboka, nikaifumua yote. Uzi ulitoka umejikunjakunja nikaulowesha nikauning'iniza na kopo la mchanga unyooke, halafu nikaanza kroshia, na sikuwa najua! Nilichoweza ni kuhesabu, tatu ruka moja, tatu ruka moja, na ukihesabu huwezi kuwaza kodi, lazima moja itoke. Nikikosea nafumua. Mwaka huo vitu vingine vyote vikiharibika vilibaki hivyo hivyo.

Wa_Nzoia
Asante dada kwa kufungua. Sisi wa Budalangi mto ukivunja tuta unabeba kile umeweka na kile ulikuwa unapanga kuweka. Tulilala kwa hema wiki nyingi nikanunua kaunta buku, nikawa naandika kila kitu maji yalibeba. Sufuria namba nane. Kuku saba na yule jogoo mkali. Picha ya harusi. Usiku wa kwanza nililia mpaka mzee akaninyang'anya kalamu, akasema hiyo ni kujichokonoa kidonda. Baadaye mwalimu mmoja akaniambia kuna mtafiti wa Marekani, James Pennebaker, alijaribu jambo hilo na wanafunzi miaka ya 1980, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo unaandika machungu yako. Wengi walitoka hapo wakiwa na huzuni zaidi, lakini miezi iliyofuata walioandika machungu walienda kliniki mara chache kuliko wale waliopewa mambo ya kawaida. Nikamwonyesha mzee. Akanirudishia kalamu, ila akaniambia nisiandike kuhusu yeye. (Nimeandika.)

Shemeji_Kakamega
Huku kwetu hatukai na huzuni kwa daftari, tunaipiga ngoma. Ngoma zetu za isukuti ziko tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na UNESCO waliiweka isukuti mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa hivyo vijana njooni mjifunze bana. Tulipozika baba nilipewa ile ndogo. Nilipiga mpaka viganja vikafura, kesho yake nashindwa kushika kikombe cha chai, lakini nililala.

Boda_Kondele
Mimi nitaharibu hii thredi kidogo. Kibanda changu kilibomolewa usiku hapa Kisumu, na mimi najua kuchora tangu shule, basi nikaanza kukichora nyuma ya risiti, kila siku kibanda kile kile, kona ile ile. Hasira ikapanda tu. Nikaanza kugombana na abiria wangu! Mpaka jamaa wa steji akanipeleka kuongea na kaunsela, na huyo ndiye alinisaidia, si kalamu. Siku hizi nachora mashua za Dunga na magugu maji, kibanda sikigusi. Kwa hivyo kama unachora na unazidi kuumia, weka chini ukaongee na mtu.

Mama_Rozi
@Boda_Kondele hujaharibu kitu kaka, pole sana.

Nyanya_wa_Nax
Wanangu, mimi 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, nilikuwa kambi ya wakimbizi pale shoograundi (uwanja wa maonyesho) hapa Nakuru na watoto wawili. Kuna msichana wa kujitolea alileta krayoni na karatasi. Wengi walichora moto na nyumba. Wangu wa kwanza, miaka tisa, alichora kufuli, ukurasa mzima kufuli tu, nikashangaa. Kumbe siku tunakimbia ni yeye alifunga mlango, na ufunguo alikuwa nao kwa soksi wakati huo wote, na hakuwa amemwambia mtu. Alinipa siku hiyo. Mlango wenyewe haukuwepo tena lakini ufunguo ninao mpaka leo.

Wa_Nzoia
Nyanya 😭

Boda_Kondele
Mama Rozi, na hiyo kroshia iliishia kuwa nini?

Mama_Rozi
Shali. Mama anafunikia redio nayo.