Naomba ushauri: mama ana miaka 56, anajifunza kusoma

Ndugu zangu, nipo Arua, Uganda. Mama ni muuza samaki sokoni, ameanza darasa la watu wazima jioni. Madeni ya wateja anayo yote kichwani, hakosei hata shilingi, lakini herufi za jana leo hazipo. Majirani wanasema ubongo umeshazeeka. Sikubali, maana ubongo wa mtu mzima bado hujenga miunganisho mipya. Tangu 1885 Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alionyesha kuwa marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushinda kukariri kwa mkupuo, na usingizi husaidia kumbukumbu kukaa. Darasani wanaimbishwa tu ubaoni! Nimtengenezee kadi zenye majina ya samaki anaouza, kama mukene (dagaa) na ngege (sato), ajiulize kabla ya kufunua jibu? Au nianze na majina ya wadaiwa wake? Mliofundisha wazazi, marudio mliyapangaje?