Sweta ya machipuko: raglani, duara la mabegani au vipande vya kushona?

MamaWawili_MN
Habari zenu wafumaji. Niko Minneapolis mwaka wa nne sasa. Baridi kali ikiisha huku, kuna wiki kadhaa ambapo asubuhi unatoka na koti na saa nane mchana umelibeba mkononi. Machipuko, wenyewe wanaita. Nikisema "masika" mwanangu anauliza mvua iko wapi.

Nataka sweta ya wiki hizo. Uzi ninao: pamba asilimia 60, kitani 40, mabonge manane ya gramu 100. Nimebaki na pateni tatu, yaani maelekezo ya kufuma. Moja ni raglani, ile ambayo mikono inaungana na kiwiliwili kwa mistari ya mshazari kutoka shingoni hadi kwapani; inaanzia shingoni kushuka chini, haina mshono hata mmoja. Nyingine ina duara la mabegani lenye maua ya rangi mbili. Ya tatu ni ya vipande vinne, mabega yanashuka kidogo, unashona mwishoni.

Kifua changu ni sm 100, mkono wa juu sm 38, na hapo mkononi ndipo sweta za dukani hunikaba. Nimejaribu kipande cha kupimia kwa sindano namba 8 za kwenye kopo la marehemu mama, nikapata vitanzi 22 kwa sm 10. Pateni ya raglani inataka 18, na yenyewe pia imeandika sindano namba 8. Nimekosea wapi?

KambaNaUzi
Hujakosea, dada. Sindano za mama ni za namba za kizamani za Kiingereza, ambazo namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. 8 yake ni mm 4. Pateni yako ni ya Kimarekani, na 8 ya huko ni mm 5. Sahau namba, soma milimita. Ungetaka mm 5 kwenye kopo la mama, ungetafuta namba 6.

Na ushukuru ulipima. Saizi ya sm 108, yaani kifua chako na nafasi kidogo, kwa vitanzi 18 ni kama vitanzi 194. Ungevifuma kwa 22, ungetoa sweta ya sm 88. Kifua cha 100 kingeingilia wapi?

Shosho_Limuru
Mimi nasema vipande. Nimefuma sweta tangu wanangu wako darasa la kwanza na pamba naijua: haina mvuto wa sufu. Sufu ukiivuta inarudi, pamba ukiivuta inakaa hapo hapo, halafu ni nzito. Sweta ya pamba isiyo na mshono inaning'inia kutoka shingoni kama gunia. Asubuhi inafika kiunoni, jioni iko mapajani. Mshono wa begani na wa ubavuni ndio mifupa yake.

Hiyo ya maua achana nayo. Rangi mbili maana yake uzi wa pili unapita nyuma, kitambaa kinakuwa maradufu. Hiyo ni ya sufu na ya baridi yenyewe. Watu wa Iceland, wenye sweta za namna hiyo, hawakuwa wajinga.

FundiMakete
Shikamoo Shosho. Kwa maua nakubali, kwa raglani sikubali. Mwenye mkono wa sm 38 anahitaji sweta anayoweza kuijaribu ikiwa bado kwenye sindano. Ukianzia shingoni, unahamishia vitanzi kwenye uzi wa akiba, unavaa, unaona panapobana, unafumua mistari sita na maisha yanaendelea. Ya vipande utajua inabana ukishamaliza kushona.

Mkono unarekebishwa hivi. Kila mzunguko wa kuongeza kwenye raglani unaongeza vitanzi 8: viwili kila mkono, viwili mbele, viwili nyuma. Ukitaka mkono mnene bila kupanua kifua, chagua mizunguko mitano ya katikati, ile isiyo ya kuongeza, halafu ongeza upande wa mikono tu. Unapata vitanzi 10 zaidi kila mkono. Usiviongeze vyote kwapani, maana vya kwapani huhesabiwa mara mbili, mkononi na kiwiliwilini, na utajikuta na hema.

Mzee_wa_Vifungo
Raglani mwenyewe, ambaye mkono huu umepewa jina lake, alikuwa bwana mkubwa wa jeshi la Uingereza aliyepoteza mkono Waterloo mwaka 1815. Kwa hiyo mkono mnene mmoja tu ungemtosha. Naendelea kusoma.

Shosho_Limuru
Marahaba FundiMakete. Hema umeliona, gunia hujalijibu.

FundiMakete
Gunia nalijibu, Shosho. Ukimaliza, chukua kroshia upitishe mnyororo mmoja kwa ndani, nyuma ya shingo, bega hadi bega. Huo ndio mfupa. Na kabla ya yote, kipande cha kupimia kioshwe kama sweta itakavyooshwa, kikikauka kining'inizwe kwa vibanio usiku mzima, vingine viwili chini kama uzito. Kitasema chenyewe kinashuka kiasi gani.

MamaWawili_MN
Nimerudi baada ya siku nne. Nimenunua sindano za mm 5, nikaosha, nikakausha, nikaning'iniza bafuni, mume wangu akauliza nani ameanika kitambaa cha vyombo. Matokeo: vitanzi 19 kwa sm 10. Na kipande kilichokuwa na urefu wa sm 15 sasa ni 16.

Nimechagua raglani, Shosho nisamehe. Kwa 19, kifua cha sm 108 kinataka kama vitanzi 205. Kwenye pateni saizi yenye 206 ndiyo wao wanaiita sm 114, basi nafuata hiyo. Mkono wa saizi hiyo una vitanzi 68, kwangu ni karibu sm 36, haupiti. Nikiongeza 10 nafika sm 41. Kiwiliwili wanasema sm 45. Nifume zote?

KambaNaUzi
Usifume zote. Kama 15 imekuwa 16, 45 itakuwa 48. Simama kwenye 42, itashuka yenyewe hadi karibu 45. Na raglani nayo itashuka, kwa hiyo jaribu mapema kabla ya kutenganisha mikono.

Shosho_Limuru
Nimekusamehe kwa ajili ya mnyororo wa kroshia. Lakini sindano za mama usizirudishe koponi. Pindo la chini na la mikononi lifume kwa hizo hizo namba 8, lishike, maana pamba ikifumwa pindo kwa sindano nene hufunguka kama mwavuli. Na kama pindo ni vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma vikipokezana, 206 haigawanyiki kwa nne. Punguza viwili, kimoja kila kwapa, ubaki na 204.