Naomba ushauri: Nina maboksi ya magazeti ya mashine za kale za sarafu, niyaskani na kuyagawa bure?

Mpambanaji wa Illinois
Wakuu salaam. Niko viunga vya Chicago na usingizi umekata. Nina maboksi ya magazeti ya wakusanyaji wa mashine za kale za sarafu: za kamari za kuvuta mkono, za bablishi, za santuri. Gazeti lilishakufa, mchapishaji hapatikani. Ndani mna michoro ya mitambo, orodha za namba za mashine za kampuni ya Mills kwa miaka yake, na matangazo ya mafundi wa vipuri. Wakusanyaji wananililia niyaskani, maana bila michoro ile mtu anafungua mashine halafu anashindwa kuirudishia. Nikiyaweka mtandaoni bure, nitashtakiwa? Ushauri tafadhali, matusi hapana.

Kaa la Moto
Nakaa hapa pembeni na kahawa yangu, waje wataalamu.

Ustadh Mstaafu
Kijana, kamari ni kamari hata ikiota kutu. Umevuka bahari kutafuta riziki, unaishia kusambaza elimu ya shetani?

Chizi Maarifa
Ustadh, dubwi la kamari la hapa kwa Mangi linameza mia mbili zangu kila jioni na halijawahi kuwa na gazeti. Mleta mada, humo hamna mbinu ya kulifungua?

Binti Pangani
Kaka, mimi ni mtu wa maktaba. Anza na mwaka wa kila toleo. Kwa sheria ya Marekani, kilichochapwa huko kabla ya 1978 bila alama ya hakimiliki ni mali ya umma. Cha 1978 hadi Februari 1989 bila alama kinaweza kuwa huru, ila angalia kama kilisajiliwa ndani ya miaka 5. Kuanzia Machi 1, 1989, alama haihitajiki tena, kila kitu kinalindwa. Na gazeti kufa hakuui hakimiliki. Una ya miaka gani? Na uliyapataje?

Mpambanaji wa Illinois
Asante sana dada. Mengi ni ya miaka ya 80, mengine yana alama, mengine hayana. Kuhusu kuskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha au niende 600?

Binti Pangani
Maandishi 300 yanatosha, michoro yenye mistari myembamba nenda 600. Hujajibu uliyapataje.

Mpambanaji wa Illinois
Kuna mzee wa huku alinipa.

Mkaguzi Mkuu
Mzee yupi? Alikupa au ulijipa?

Mpambanaji wa Illinois
Basi nimwage. Ni mzee ninayemhudumia nyumbani kwake, nimeajiriwa na kampuni. Sebuleni ana mashine za Mills na Jennings zimejipanga. Kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka, lakini siku aliyonipa alikuwa timamu, aliniita kwa jina. Sasa binti yake amekuja kupanga vitu viuzwe, akauliza yako wapi magazeti ya baba. Nikasema nitaangalia. Wakuu, yule angeyatupa! Na nimeshatoa pini na kuskani karibu nusu. Watu walichanga hela ya skana. Siuzi, ule ni mchango.

Ustadh Mstaafu
Nilisema mimi.

Mzee wa Korogwe
Msimhukumu. Marehemu baba alikuwa na rundo la magazeti ya zamani, Nchi Yetu na Drum, kaliweka chini ya kitanda, marufuku kugusa. Mwalimu mmoja akaazima matoleo kadhaa, hakurudisha hadi baba akamnunia. Yaliyobaki mchwa waliyala yakawa udongo. Juzi nimeyaona yale ya mwalimu kwa mwanawe, safi kabisa, picha ya mjomba wangu gwarideni imo. Mwizi wetu ndiye aliyetuhifadhia.

Binti Pangani
Mzee wangu, hapa mwajiriwa amepokea mali ya mgonjwa anayesahau. Kampuni nyingi za kazi hiyo zinakataza zawadi kabisa. Na hata angekuwa mmiliki halali wa karatasi, hakimiliki ni jambo jingine. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi waandishi wa kujitegemea dhidi ya New York Times, makala zao zilipoingizwa kwenye hifadhidata za kielektroniki bila ruhusa. Magazeti ya wapenzi wa kitu huandikwa na watu wa namna hiyohiyo, kila makala na mwenyewe.

Mkaguzi Mkuu
Chai hii, tena ya maziwa. Mleta mada mwezi uliopita aliomba ushauri wa clutch ya lori, akasema yuko Muscat. Leo Chicago na wazee wenye makumbusho sebuleni. Weka picha.

Mpambanaji wa Illinois
Akaunti tunatumia wawili na kaka yangu. Picha siweki, ni nyumba ya watu. Niulize chochote.

Mkaguzi Mkuu
Kwa nini mashine za kamari zina picha za matunda?

Mpambanaji wa Illinois
Zamani walikwepa sheria kwa kutoa bablishi badala ya pesa, na matunda yalikuwa ladha zake.

Mkaguzi Mkuu
Hiyo hata Google anaijua.

Mpambanaji wa Illinois
Google anajua pini zimeoza zikaacha doa la kahawia kila ukurasa wa katikati? Anajua mzee ameandika kwa penseli pembeni ya tangazo, "huyu aliniuzia kifuniko cha bandia"? Hayo maandishi ndiyo binti atayatupa.

Binti Pangani
Kama ni chai, jibu halibadiliki. Mpigie binti leo, mwambie maboksi unayo, mwonyeshe hayo maandishi ya baba yake. Yaliyoskaniwa usiyapandishe popote mpaka aamue. Na hela za watu zirudishe.

Mpambanaji wa Illinois
Nitampigia. Ila nimalizie kwanza boksi moja lililopo mezani.

Chizi Maarifa
Mkuu, hiyo kampuni ya kulea wazee bado inaajiri? Nicheki inbox.